Maiki ndogo haitoi sauti kwenye rekoda? Anza na umeme wake

Maswali ni yale yale, yawe yametoka Kampala, Bombo, Busia au Nakivale. "Kaka, nimenunua maiki ya kubana shatini, kwenye simu inafanya kazi vizuri, nikiichomeka kwenye rekoda kimya." "Ile 48 niiwashe au niiache?" "Hii betri ndogo ya mviringo ni ya nini wakati rekoda ina betri zake?" Nimechoka kujibu vipande vipande kwenye WhatsApp, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Jibu fupi kwanza, kwa mwenye haraka: maiki nyingi zinazotupwa kwa kudhaniwa zimekufa ni nzima kabisa. Ama hazijapewa umeme, ama umeme unapita mguso mmoja wa plagi na maiki inausubiri kwenye mguso mwingine. Kabla hujanunua nyingine, fuata hatua hizi.

Mwongozo huu ni wa maiki ndogo zenye plagi ya milimita 3.5 (ukubwa ule ule wa plagi ya hedifoni za simu), zinazochomekwa kwenye rekoda za mkononi kama Zoom H1n, H2n, H4n, H5 au Tascam DR-05. Rekoda yako ikiwa ya jina lingine, kanuni hazibadiliki. Kinachobadilika ni maneno ya kwenye menyu.

Nadharia, kidogo tu

Maiki hizi ndogo karibu zote ni za elektreti. Ndani ya kile kichwa kidogo (kapsuli) mna transista ndogo sana, nayo haifanyi kazi bila umeme. Haihitaji mwingi: kapsuli nyingi huridhika na volti kati ya 1.5 na 10, na hunyonya chini ya miliampea moja. Umeme huo unaweza kutoka sehemu tatu:

- Kwenye jeki yenyewe ya rekoda. Rekoda husukuma volti chache, nyingi hutoa kama 2.5, kupitia waya ule ule unaoleta sauti. Kwenye menyu za Zoom utaona maneno Plug-in Power, na Tascam huandika Mic Power. Hapa nitauita umeme wa jeki.
- Kwenye betri iliyo ndani ya maiki, mara nyingi LR44 ya volti 1.5.
- Kwenye soketi kubwa za XLR, zile za matundu matatu. Huu ndio umeme wa fantomu, volti 48, na ulitengenezewa maiki za studio. Si wa maiki yako ndogo. Nitaurudia huu mbele kwa sababu ndio unaoharibu vitu.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Rekoda na betri zake. H1n hutumia AAA mbili. DR-05, H4n na H5 hutumia AA mbili.
- Maiki, pamoja na boksi lake kama bado unalo. Usitupe boksi: aina ya plagi na volti zinazohitajika huandikwa pale.
- Hedifoni za waya. Bluetooth haifai hapa, kwa sababu sauti huchelewa na rekoda nyingi hazina Bluetooth ya hedifoni.
- LR44 moja ya akiba ikiwa maiki yako ina nafasi ya betri. Mafundi saa wanazo.
- Adapta ya plagi, ikibidi. Usinunue kabla ya kusoma hatua ya 2.
- Multimita ya kawaida, ile ya fundi redio. Si lazima, lakini huondoa ubishi.

Hatua ya 1: Jua maiki yako ni ya aina gani

Maiki ya kola yenye kichwa kidogo na waya mwembamba: elektreti, inahitaji umeme. Maiki fupi ya kufunga juu ya kamera: karibu zote ni elektreti, nyingine zina betri yake ndani na nyingine hazina. Maiki kubwa ya kushika mkononi, ile ya kanisani au ya MC wa harusi, kwa mfano Shure SM58: hiyo ni dainamiki. Ina sumaku na koili, haihitaji umeme wowote. Ukiiunganisha kwa waya unaoishia na plagi ya 3.5, zima umeme wa jeki. Mkondo ukipita kwenye koili bila sababu unaweza kuharibu sauti.

Kipokezi cha maiki isiyo na waya nacho kina betri yake. Kwake pia umeme wa jeki uzimwe, na hali ni hiyo hiyo ukichukua sauti kutoka kwenye mikisa. Mikisa inakupa sauti iliyokwisha kukuzwa; kuirudishia umeme ni kujitafutia kelele.

Hatua ya 2: Hesabu pete nyeusi kwenye plagi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende polepole.

Itazame plagi ya maiki. Utaona mistari ya plastiki, mara nyingi myeusi, inayotenganisha vipande vya chuma.

Pete moja: miguso miwili, maiki ya mono (njia moja ya sauti). Itaingia kwenye rekoda na kufanya kazi, ila sauti huenda ikasikika upande wa kushoto tu.

Pete mbili: miguso mitatu. Hii ndiyo plagi ambayo rekoda na kamera zinaitegemea. Huna cha kununua.

Pete tatu: miguso minne. Hii imetengenezewa simu. Kwenye simu, mguso wa mwisho kabisa kule chini ndio unaobeba maiki, na ule unaofuata juu yake ni adhi (njia ya kurudishia umeme). Rekoda inachukulia mguso wa mwisho kuwa adhi. Ukichomeka moja kwa moja, sauti ya maiki inamwagwa kwenye adhi ya rekoda, na unachosikia ni ukimya au kelele nyembamba. Hakuna kilichoungua, ni mpangilio tu.

Dawa ya pete tatu ni adapta yenye tundu la miguso minne upande mmoja na plagi ya miguso mitatu upande wa pili. Rode wanayo, inaitwa SC3. Angalia namba vizuri, kwa sababu SC4 inafanya kinyume chake na kwa sura zinafanana. Ukikosa SC3, nenda duka la vifaa vya kompyuta uulizie ile Y ya hedifoni za simu kwenda kompyuta: ina tundu moja na plagi mbili, moja imechorwa maiki na nyingine hedifoni. Chomeka maiki yako kwenye tundu, plagi iliyochorwa maiki iingize kwenye rekoda, na ile nyingine iache ining'inie. Ni rahisi kupatikana na hufanya kazi ile ile.

Boya BY-M1, ambayo naona kila mtu anayo, ina plagi ya pete tatu lakini pia ina kiboksi chenye swichi. Kwa rekoda, swichi iwe upande wa Camera, na LR44 iwe ndani. Upande wa Smartphone betri haitumiki, maiki hunyonya umeme wa simu. Ukimaliza kazi rudisha swichi, la sivyo betri huendelea kunyonywa ndani ya begi na kesho yake utasema maiki ni mbovu.

Hatua ya 3: Tafuta jeki iliyo sahihi

Rekoda ina matundu mawili ya 3.5 yanayofanana kabisa: moja la kuingiza sauti, lingine la hedifoni. Tafuta maandishi Mic, au Mic/Line In. Najua inaonekana ni jambo dogo. Lichunguze hata hivyo, hasa ukiwa unafanya kazi gizani au kwenye gari linalotembea.

Kwenye Zoom H4n jeki ya maiki ndogo iko nyuma. Kwenye H5 haiko kwenye mwili wa rekoda kabisa: iko kwenye kile kichwa cha maiki za juu kinachochomoka. Ukikibadilisha kichwa, umeondoka na jeki. Tascam DR-40 haina jeki ndogo ya maiki. Ina soketi kubwa tu, na hapo ndipo watu wanapoanza kufikiria 48.

Onyo la 48

Usichukue adapta ya bei rahisi ya XLR kwenda 3.5, ukachomeka maiki ndogo, halafu ukawasha fantomu ukitumaini itaamka. Adapta hizo nyingi ni waya mtupu. Ndani ya rekoda, volti 48 hupita rezista ya kiloomu 6.8, na kwa kuwa maiki yako hunyonya mkondo kidogo mno, rezista hiyo haipunguzi chochote cha maana: kapsuli iliyozoea volti 2 au 3 inapokea zaidi ya 40. Unaweza kusikia mpasuko mmoja, kisha kimya cha moja kwa moja.

Kama rekoda yako ina XLR peke yake, kuna adapta maalumu zenye sakiti ndani zinazoshusha volti. Rode VXLR+ ni mojawapo: hupokea fantomu ya volti 12 hadi 48 na kuipa maiki volti 3 hadi 5. Ile alama ya kujumlisha mwishoni mwa jina ndiyo unayolipia. VXLR isiyo na alama hiyo huizuia fantomu isifike, basi. Haiipi maiki umeme, kwa hiyo inafaa maiki yenye betri yake.

Hatua ya 4: Chomeka kwa utaratibu

Shusha kiwango cha kurekodi hadi chini. Vua hedifoni masikioni, au punguza sauti yake. Chomeka maiki mpaka usikie imegota. Plagi iliyoingia nusu hugusa miguso isiyo yake. Ganda au mfuko wa ngozi wa rekoda wakati mwingine huzuia plagi nene isifike mwisho, kwa hiyo vua ganda kwanza.

Kwa nini kushusha kiwango? Umeme unapoingia kwenye kapsuli kwa mara ya kwanza hutoa kishindo kikubwa kwenye hedifoni. Maiki haidhuriki, masikio ndiyo yatakayokulaumu. Subiri sekunde chache sauti itulie ndipo upandishe.

Hatua ya 5: Washa umeme wa jeki kwenye menyu

Fungua menyu, nenda sehemu ya Input au ya mipangilio ya kurekodi, tafuta Plug-in Power au Mic Power, weka On. Baadhi ya rekoda ndogo za ofisini hazina swali hili kwenye menyu, zenyewe hutoa umeme muda wote.

Soma neno zima kabla ya kubonyeza. Phantom na Plug-in zote zinaanza na herufi moja na kwenye baadhi ya rekoda zimekaa jirani kwenye menyu. Unachotaka ni Plug-in.

Ukiwa hapo hapo, tazama mipangilio ya aina ya betri. Ukitumia betri za kuchaji, chagua Ni-MH. Hizo zina volti 1.2 badala ya 1.5, na rekoda isipoambiwa itakuonyesha betri inakwisha wakati bado ina nusu ya nguvu.

Maiki yenye LR44 ndani, kama BY-M1 ikiwa upande wa Camera, haihitaji umeme wa jeki. Anza ukiwa umeuzima. Sauti ikitoka safi, uache umezimwa.

Hatua ya 6: Pima, kama una multimita

Hatua hii unaweza kuiruka, lakini ndiyo inayokata maneno kati yako na muuza duka.

Chukua hedifoni mbovu yenye plagi ya pete mbili, ikate, ubaki na plagi na kipande cha waya. Nyaya za ndani zimepakwa rangi inayozuia umeme. Ichome kidogo kwa kiberiti au ikwangue kwa wembe mpaka shaba ionekane. Chomeka kwenye jeki ya maiki, multimita iweke DC volti 20, waya mweusi wa mita kwenye adhi, mwekundu kwenye waya wa kushoto.

Ukiona kati ya volti 2 na 5, jeki inatoa umeme na kazi yako ni kutafuta kosa kwenye maiki au plagi. Ukiona sifuri, umeme haujawashwa, au rekoda hiyo haina kabisa. Nyaya zikigusana kwa bahati mbaya wakati wa kupima usishtuke, kuna rezista ndani inayozuia mkondo mkubwa.

Mwenye uzoefu kidogo wa solda anaweza kupima pia maiki ikiwa imechomekwa. Volti itashuka, pengine hadi 1.5 au karibu na hapo, kwa kuwa kapsuli inanyonya kupitia ile rezista. Kushuka huku ni kwa kawaida, ila kukizidi kunaleta tatizo nitakalolieleza huko mbele, nikifika kwenye kurekodi ngoma.

Hatua ya 7: Jaribu na uweke kiwango

Usipulize maiki. Sijui nani aliyetufundisha kupuliza. Kwanza, kwangua kichwa cha maiki taratibu kwa ukucha, na usikilize kwenye hedifoni: mkwaruzo uwe mkubwa na wa karibu. Ukiukwangua mwili wa rekoda na ukasikika zaidi kuliko maiki, basi rekoda bado inatumia maiki zake za ndani na plagi haijafika.

Halafu mtu aongee kwa sauti yake ya kweli, si ile ya "moja, mbili, jaribio". Mwambie akueleze alivyopita Jinja Road asubuhi. Pandisha kiwango mpaka sehemu za juu zifike karibu na -12 desibeli. Zima Auto Level (rekoda kujipangia kiwango yenyewe): kwenye mahojiano hupandisha kelele za boda boda kila msemaji anaponyamaza kufikiri, na hakuna programu itakayokurekebishia hilo vizuri. Washa Low Cut ikiwa ipo, kwenye herzi 80 hivi, ipunguze mngurumo wa upepo na magari.

Mvua ikianza kupiga mabati, subiri. Hakuna umeme wala adapta ya kutatua hilo.

Hatua ya 8: Bana maiki mahali pake

Shubiri moja chini ya kidevu inatosha. Kwa gomesi, bana kwenye ukingo wa shingo wa mraba katikati, si kwenye yale mabega yaliyochongoka, kwa sababu akigeuza kichwa sauti itapotea. Kwa kanzu, pitisha waya ndani na maiki itokeze kwenye mpasuo wa shingo. Kitenge kipya chenye wanga hupiga kelele kama karatasi kikisuguana na maiki. Weka kipande cha plasta ya hospitali kati ya kitambaa na maiki. Kwa mama aliyejifunga hijabu, mwombe abane mwenyewe nje ya kitambaa chini ya kidevu, au mpatie mwanamke mwenzake amsaidie. Waya wote ufungwe kitanzi kidogo karibu na maiki ili ukivutwa usivute kapsuli.

BY-M1 ina waya wa mita 6. Usiongeze mwingine juu yake. Waya wa aina hii hauna kinga nzuri, na kila mita unayoongeza inakaribisha kelele.

Watu wawili, maiki mbili, rekoda moja

Swali hili linakuja kila mara. Ndiyo, inawezekana, kwa sababu jeki ya rekoda ni stereo na hutoa umeme kushoto na kulia. Lakini Y ya kusikilizia muziki watu wawili haifai: hiyo huunganisha matundu yote mawili sambamba, maiki zote zinagombania umeme ule ule na sauti zinachanganyika. Unayotaka ni Y yenye plagi moja ya stereo inayogawanya kushoto kwenda tundu moja na kulia kwenda tundu jingine. Matundu yake huwa ya mono.

Baada ya kurekodi, ufungue faili kwenye Audacity (programu ya kompyuta ya kuhariri sauti), utenganishe njia mbili kuwa mono mbili, na kila mtu utamrekebisha peke yake. Maiki zote mbili ziwe za aina moja. Ukichanganya yenye betri na isiyo na betri utalazimika kuchagua nani apate umeme unaomfaa. Na ijaribu Y hiyo siku moja kabla, kwa sababu baadhi ya matundu ya mono hugusisha pete ya plagi na adhi, na maiki nyingine hazipendi hivyo.

Rekoda isiyo na umeme wa jeki, au umeme usiotosha

Hapa narudi kwenye ngoma. Ukirekodi ngoma, tarumbeta au mhubiri anayepaza sauti, unaweza kusikia sauti inapasuka ingawa mita ya rekoda haijafika juu. Umeshusha kiwango, bado inapasuka. Mpasuko huo unatokea ndani ya kapsuli, kabla sauti haijafika kwenye rekoda: volti 1.5 zilizobaki hazitoshi kubeba sauti kubwa. Kusogeza maiki mbali husaidia. Dawa kamili ni kuipa kapsuli volti zaidi kwa kisanduku cha betri.

Fundi redio yeyote wa Katwe au Arua anaweza kukuundia ukimpa maelezo haya, na kwa mwenye pasi ya kulehemu ni kazi ya mchana mmoja. Kwa maiki moja unahitaji betri ya volti 9, rezista ya kiloomu 10 (au 4.7 ikiwa kapsuli inanyonya zaidi), kapasita ya maikrofaradi 10 yenye volti 25, swichi, tundu na plagi. Upande chanya wa betri upite kwenye swichi, kisha rezista, ufike kwenye waya wa sauti wa maiki. Kutoka pale pale, kapasita iendelee kwenda kwenye plagi ya rekoda, upande wake chanya ukitazama maiki. Upande hasi wa betri, adhi ya maiki na adhi ya plagi viunganishwe pamoja. Kwa stereo rudia upande wa pili, betri moja inatosha zote mbili. Tumia kopo la chuma na uliunganishe na adhi; plastiki itakuletea mngurumo.

Kapasita usiipunguze. Ya maikrofaradi 1 kwenye rekoda yenye ukinzani wa kuingizia sauti wa kiloomu 2 huanza kukata besi kuanzia herzi 80, na ngoma bila besi ni debe.

Umeme wa jeki uzimwe unapotumia kisanduku. Betri ya volti 9 itadumu mamia ya saa, kwa hiyo kinachoiua ni kusahau swichi tu. Kisanduku hiki ni cha maiki za nyaya mbili zisizo na betri. Usikitumie na BY-M1.

Ikigoma

*Kimya kabisa.* Fuata mpangilio huu: plagi imegota, jeki ni ya Mic, umeme wa jeki umewashwa, pete ni mbili au kuna adapta, LR44 ni mpya na imeingia kwa upande sahihi. Bado kimya? Jaribu maiki kwenye simu. Ikifanya kazi pale, kosa ni pete au menyu.

*Upande mmoja tu.* Maiki ni mono. Haina ubaya. Weka rekoda kwenye Mono ikiwa ina chaguo hilo, au nakili njia ya kushoto kwenda kulia ukifika kwenye kompyuta.

*Sauti ya mbali, nyembamba, ukigusa plagi inabadilika.* Pete tatu bila adapta, au plagi iliyoingia nusu.

*Sauti inafifia polepole katikati ya mahojiano.* LR44 inakufa. Haizimiki ghafla, hulegea.

*Mngurumo wa chini usiokoma.* Rekoda imechomekwa kwenye chaja ya ukutani. Ichomoe, tumia betri. Umeme wa jeki hautamaliza betri zako, ni mdogo mno. Fantomu ndiyo huzimaliza haraka, kwa hiyo hakikisha haijabaki imewashwa kwenye soketi usizotumia. Benki ya umeme ya USB nyingine ni kimya na nyingine hupiga filimbi nyembamba, ijaribu kabla ya safari.

*Mlio wa "dzz-dzz-dzz" unaokuja na kuondoka.* Simu ya mtu inatafuta mtandao, na waya wa maiki umekuwa antena. Omba simu zote ziwekwe hali ya ndege, ya mhojiwa ikiwemo, maana mara nyingi iko mfukoni sentimita chache tu kutoka kwenye maiki. Kumwambia aiweke kimya tu hakusaidii.

*Kelele ya "shhh" muda wote.* Kiwango kimepandishwa mno kwa sababu maiki iko mbali. Isogeze kabla ya kupandisha. Ukiwa unarekodi ndege kwenye kinamasi cha Mabamba na si mtu wa kumsogelea, kapsuli ya bei rahisi haitakufaa. Tafuta zenye kelele ndogo kama Primo EM272, ambazo hukubali umeme wa jeki vizuri.

*Mchakacho kama mafuta yanayokaangwa.* Unyevu umeingia kwenye kapsuli, hutokea sana kandokando ya ziwa na msimu wa mvua. Vua sponji, iache maiki usiku mzima kwenye kopo lililofungwa pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Usiianike juani na usiikaribishe jikoni. Ikichakacha tu unapotikisa waya karibu na plagi, si unyevu: waya umekatikia ndani. Fundi akate sentimita tano na aweke plagi mpya, ya pete mbili safari hii.